Nani Mwenzangu?

Vuta kiti ukae. Chai ipo, ya mkandaa, maziwa yaliisha asubuhi. Juzi mjukuu wangu alinisikia nalalamika juu ya mtu asiyepokea: "Inua simu basi wewe!" Mtoto akaniangalia. "Babu, anainuaje simu ambayo tayari iko mkononi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Ningeanzia wapi? Kuinua simu, kuweka simu chini, kuunganisha: maneno yote haya yanatoka kwenye chombo ambacho yeye hajawahi kukigusa. Tunaendelea kuyasema kama watu wanaotaja jina la mtaa uliokwisha vunjwa.

Mimi nilianza kazi mwaka 1983, karani wa masijala katika ofisi moja ya umma katikati ya Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Sanamu ya Askari. Jina la ofisi niachie mwenyewe. Ghorofa ya tatu, feni ya darini ikizunguka kwa uvivu, mafaili hadi kwenye korido, na harufu ya karatasi kuukuu iliyochanganyika na gundi. Juu ya meza ya mkuu wa masijala ilikaa simu. Nyeusi, nzito, ukimpiga nayo mtu kesi yako ni ya mauaji. Ilivikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ua jekundu katikati, imetulia kama bi harusi. Ikilia, ua lilitetemeka.

Na kulia kwenyewe! Ngriii, ngriii, kengele ya chuma hasa, unaisikia ukiwa bado kwenye ngazi. Mkonga wake ulikuwa na harufu ya ofisi nzima. Kila aliyeongea aliacha chake: huyu sigara, yule karafuu aliyokuwa anatafunia jino bovu, dada wa uhasibu poda yake. Ukiweka sikio unajua nani katoka kuongea, hata kabla hujasema haloo.

Simu ile haikuwa na namba. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Ukiinua mkonga, unasubiri, kisha inaingia sauti nzito ya mama: "Swichibodi, habari za asubuhi?" Huyo tulimwita Mama Laini. Alikaa chumba kidogo cha chini karibu na mapokezi, mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, chombo cha kusikilizia kimembana kichwani juu ya kilemba. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya huku, anachomeka mwingine kule, mmeshaunganishwa. Mikono ikipata nafasi, anashika sindano na uzi. Vitambaa vyote vya simu za jengo lile vilifumwa na yeye, kati ya simu na simu.

Wewe unayesikia leo sauti ya mashine ikikuambia bonyeza moja, bonyeza mbili, huwezi kujua raha ya Mama Laini. Unamwomba akupe Mkurugenzi, anakujibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, saa hizi usimpigie. Karudi wizarani kanuna. Mwache anywe chai kwanza, mimi nitakuita." Na kweli, baada ya nusu saa simu inalia: "Haya, sasa ongea, amecheka."

Simu ya mkoani ilikuwa shughuli ya siku nzima. Unampelekea Mama Laini namba asubuhi, anaiandikisha kwa opereta wa Posta na Simu, unarudi kwenye mafaili yako. Saa sita anapiga: "Mwanza imekubali, inua upesi!" Basi hapo ofisi nzima inafanya kazi moja. Madirisha yanafungwa kupunguza kelele za magari, anayepiga taipu anasimamisha vidole, na wewe unapiga kelele. Kadiri mji ulivyokuwa mbali ndivyo tulivyopaza sauti. Moshi uliongea tu. Mwanza uliongea umesimama. Mzee mmoja wa ugavi alipokuwa anaongea na Kigoma tulisema anapoteza fedha za serikali, angefungua dirisha tu wangemsikia.

Laini ya moja kwa moja ilikuwa moja, uhasibuni, simu yenye duara la kuzungusha. Tundu moja la duara lilitiwa kikufuli kidogo cha shaba, na ufunguo mhasibu mkuu alikwenda nao nyumbani. Alidhani amemaliza. Tarishi wetu, kijana aliyeishia darasa la saba lakini fundi wa kila kitu, aligundua siri. Lile duara linaporudi, krrr, kazi yake ni kukatakata laini: namba nne linakata mara nne, sifuri linakata mara kumi. Sasa, vile vijiti viwili ambavyo mkonga unalalia navyo vinakata laini. Basi huna haja ya duara. Unagonga kijiti mara nne, unatulia, mara saba, unatulia, mara mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukikosea mdundo unampata mtu mwingine. Baada ya saa za kazi ungemkuta tarishi ameinamia simu ile, macho kayafumba, anagonga taratibu kama mpiga ngoma anayekumbuka wimbo. Alikuwa na mchumba nesi, na zamu ya usiku wodini kulikuwa na simu. Wameshazeeka pamoja, wana wajukuu. Kufuli halikufua dafu.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini tukaletewa mtambo mpya. Loo! Kabati la chuma likafungwa chumba cha chini, likivuma kama nyuki waliolala, na kila meza ikapata simu ya plastiki ya rangi ya maziwa, yenye vitufe. Fundi akatukusanya ukumbini, tukapewa soda, akatugawia kikadi chenye maelekezo. Nyota hii kufanya hivi, alama ya reli kufanya vile, tisa kupata laini ya nje. Wazee walikiweka kikadi mfuko wa shati, karibu na moyo, na hawakukitoa tena.

Somo la kwanza lilikuwa kuhamisha simu. Mtu kakosea meza, anataka ugavi kaangukia masijala. Zamani ungesema, "Mama Laini, mrudishe." Sasa unabonya kitufe kidogo chenye herufi R, mwenye simu anabaki hewani, unapiga namba ya ugavi, unamwambia mwenzako kuna mgeni wako, kisha unaweka mkonga chini nao wanabaki wawili. Fundi akasema unaweza pia kutomwambia mwenzako kitu, ukapiga namba na kuweka chini papo hapo. Sisi tukayapa majina: kuhamisha kwa adabu, na kuhamisha kwa kutupa. Ukitaka kumjua mfanyakazi mwenzako, angalia anavyohamisha simu. Wapo walioleta mgeni hadi mlangoni wakamtambulisha, na wapo waliomsukuma ndani wakakimbia.

Mimi mwenyewe siku ya tatu nilipokea simu ya wizarani, wanamtaka Mkurugenzi. Jasho likanitoka. Nikabonya R, nikasikia mlio, nikapiga namba, nikasikia sauti ya mpishi wa kantini. Nikabonya tena. Sasa tukawa watatu: mimi, mpishi, na wizara. Mpishi akaanza kusoma: ugali na samaki, wali na maharage, ndizi zimekwisha. Kule wizarani mtu akauliza kwa upole, "Samaki gani?" Kikao cha simu cha watu watatu kilikuwa ukurasa wa mwisho wa kikadi, na inaelekea mimi ndiye niliyekifanya wa kwanza.

Halafu kulikuwa na ile ya kusubiria. Unapiga namba, inatumika. Badala ya kupiga na kupiga, unabonya alama zako na kuweka chini. Mtambo unakaa macho kwa niaba yako, mwenzako akimaliza tu, simu yako inalia. Hii wazee waliielewa siku hiyo hiyo. "Kumbe ni ndoo bombani!" mmoja akasema. Si unajua tulivyokuwa tunapanga maji? Unaacha ndoo kwenye foleni, unaenda zako kupika, na ndoo inakulindia zamu.

Kuelekeza simu ndiko kulikoniletea balaa. Ukitoka mezani unaweza kuiambia simu yako ilie meza nyingine. Jamaa mmoja wa meza ya jirani, Ijumaa jioni, akaelekeza simu yake kwangu bila kusema neno, akaenda likizo. Siku ishirini na nane! Nilipokea fundi cherehani anayedai pesa ya suti, mwenye nyumba anayedai kodi, na mama mmoja ambaye hakudai chochote, aliuliza tu kwa sauti baridi, "Anaendeleaje?" Hadi wiki ya pili nilikuwa nawajua wadai kwa pumzi zao. Jamaa aliporudi nikampa karatasi yenye orodha. Akaisoma, akakuna kichwa: "Mzee mwenzangu, hukunipunguzia hata mmoja?"

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kuvuta simu ya mwenzio. Simu inalia meza ya pili, mwenyewe hayupo. Hunyanyuki, unabonya namba mbili tatu kwenye simu yako na ile ya kwake inakuja kwako. Sasa kumbuka desturi ya koti. Afisa wa zamani alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kuning'iniza kwenye kiti. Koti lipo, basi mtu hayuko mbali. Kumbe yuko Kariakoo anatafuta sukari, au kapanda basi la UDA kumpeleka mtoto hospitali. Koti lilimtetea mbele ya macho, sisi tukamtetea mbele ya masikio. "Haloo, ametoka kidogo, yuko kikaoni. Nani mwenzangu?" Kisha unaandika kwenye kipande cha karatasi, jina, saa, na neno, unakibana chini ya kitambaa cha simu yake. Ulikuwa uongo, sikatai. Lakini ni uongo wa zamu. Kesho na wewe utauhitaji.

Nani mwenzangu! Hebu lisikilize vizuri hilo neno. Hatukuuliza "wewe nani" kama polisi. Mtu humwoni, humjui, labda anakuja kukugombeza, lakini swali la kwanza tayari limemfanya mwenzako. Na yeye hakujibu jina tu. Alitoa kwanza shikamoo, akauliza nyumbani, akauliza mvua kama imenyesha huko, ndipo aseme shida. Fedha zilikuwa zinakwenda, lakini nani angethubutu kuanza na shida?

Mtambo ulikuwa pia na muziki wa kumliwaza anayesubiri. Baadaye sana nilisoma kwamba muziki huu ulianza kwa bahati: Mmarekani mmoja mwenye kiwanda, Alfred Levy, waya wa simu zake uligusa chuma cha jengo, jengo likanasa matangazo ya redio ya jirani, na waliokuwa wakisubiri wakaanza kusikia nyimbo. Akaomba hataza mwaka 1962, akaipata 1966. Sisi tulirudi pale pale alipoanzia. Kidude cha muziki kilipoharibika, fundi alichomeka redio. Redio Tanzania, taarabu, dansi, watu wakafurahi. Hakuna aliyekumbuka matangazo ya vifo.

Siku moja mteja kutoka Tanga amesubirishwa na uhasibu. Dada anarudi na jibu la hundi yake, anakuta mwanaume mzima analia. Amesikia jina la mjomba wake, na msiba uko wapi, na mazishi saa ngapi. Dada akapigwa na butwaa. Hundi akaiweka kando, akampa pole, akamwuliza ana nauli. Yule bwana akasema, kama mngenijibu haraka nisingejua, ningekosa kuzika. Redio ikachomolewa siku ile ile. Ila mimi kila nikisikia siku hizi kinanda kile kile kikirudia rudia kwenye simu za watu, humkumbuka.

Na Mama Laini je? Hapo ndipo chai inapoanza kuwa chungu kidogo. Mtambo ulipokuja hakuondolewa. Alipewa kiti kipya na kimeza chenye taa nyingi badala ya nyaya, lakini kila mwezi kazi ilimpungua. Watu wa ndani walipigiana wenyewe. Watu wa nje wakazijua namba za meza. Akawa anafuma zaidi ya anavyoongea. Siku moja nilishuka kumwona, akaniambia: "Zamani jengo hili lilikuwa linapita masikioni mwangu. Sasa sijui nani kagombana na nani, nawapatanishaje?"

Fundi ndiye aliyenisimulia habari ya Strowger. Almon Strowger alikuwa mzika wafu huko Kansas City, Marekani. Inasemekana opereta wa mji alikuwa mke wa mshindani wake, na kila aliyefiwa akipiga simu kumtaka Strowger, mama yule alimwunganisha na mumewe. Kwa hasira Strowger akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, akapata hataza mwaka 1891. Ukweli wa kisa cha yule mke siubebi, lakini mtambo ndio huo, na mitambo mingi iliyofuata ni watoto wake. Nilipomsimulia Mama Laini alicheka hadi miwani ikaanguka. "Kwa hiyo mimi natolewa kazini kwa kosa la mwanamke wa Kansas?" Kisha akaokota sindano yake. "Mbona mimi maiti zenu zote nilizipeleka kwa wenyewe."

Mtambo nao ulikuwa na umbea wake. Ulikuwa na mashine ya kuchapa, na mwisho wa mwezi ilitema karatasi ndefu, zzzt, zzzt, ikionyesha kila meza ilipiga wapi na kwa dakika ngapi. Mhasibu mkuu, yule wa kufuli, akafurahi kama kapata mtoto. Akabandika ukutani ili watu waone haya. Tukasogea, tukasoma kwa kidole. Aliyeongoza kwa mbali kabisa alikuwa bosi mwenyewe, na namba ilikuwa moja tu, usiku usiku. Karatasi haikumaliza saa moja ukutani, na mwezi uliofuata hatukuiona tena. Mama Laini angejua tangu siku ya kwanza, na asingebandika.

Mwaka 1994 Posta na Simu ikagawanywa, barua huku, simu kule, ikawa TTCL. Miaka hiyo hiyo Mobitel ikaingia na simu za mkononi. Ya kwanza niliiona kwa mfanyabiashara aliyekuja ofisini kwetu, kaishika kama tofali la dhahabu. Aliiweka mezani pembeni ya simu yetu ya plastiki. Zilitazamana. Hatukujua kwamba moja imekuja kuizika nyingine. Tulibadilishiwa namba ya mji, 051 ikawa 022, tukahangaika kusahihisha karatasi zenye nembo, kumbe namba zenyewe zilikuwa zinaelekea kaburini. Ilipofika miaka ya elfu mbili kila mtu akawa na yake, tarishi na bosi, tukajifunza kubipu. Simu za mezani zikawa zinalia, hakuna anayevuta. "Si angenipigia kwenye ya mkononi?"

Sisemi zamani kulikuwa bora. Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili nilizijua habari baada ya saa kumi na moja, kwa sababu laini ilikuwa mbovu na mvua inanyesha. Leo mwanangu aliyeko mbali namwona uso. Nani atakataa hilo? Lakini simu ya mezani ilipigiwa mahali, na mahali pana watu. Ukinikosa mimi, utampata anayenijua. Simu ya mkononi inapigiwa mtu mmoja, na akiikosa hakuna wa kusema yuko kikaoni. Koti halipo. Kuna sauti tu ya kukwambia hapatikani kwa sasa, na sauti hiyo haijui kama nimekwenda Kariakoo au nimekufa.

Mama Laini alistaafu kabla yetu. Siku ya kumuaga, bosi mpya alisoma hotuba ndefu iliyotaja ufanisi mara nyingi. Yeye alipoinuka alisema maneno machache, kisha akapita meza kwa meza akigawa vitambaa. Cha kwangu kina ua jekundu. Sasa kinafunika jagi la maji, hilo hapo unaloliona.

Nami nilistaafu, nikahamia huku Mbagala. Jirani yangu ni bibi mmoja ambaye mwanawe yuko Muscat. Simu anayo, nzuri, mwanawe ndiye aliyemtumia. Huizima na kuifungia sandukuni isimalize chaji. Basi kijana hunipigia mimi. Jana usiku imelia nikiwa nakunywa chai hii hii.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo baba. Ni mimi wa Muscat. Habari za hapo? Mvua je?"

"Marahaba mwanangu. Imenyesha."

"Samahani kwa usumbufu, namwomba mama."

Nikajikuta nakaa vizuri kwenye kiti, mgongo wima. "Subiri kidogo," nikamwambia, "nikuunganishe."

Nikavaa kandambili, nikachukua tochi, nikatoka. Njia ina madimbwi, kuna mbwa wa jirani, kuna vyura wanapiga kelele kwenye mtaro. Simu nimeinyoosha mbele ili kijana asikilize wakati anasubiri. Nilipofika mlangoni kwa bibi sikuingia moja kwa moja. Nilibisha hodi kwanza, nikamwambia kuna mgeni wako.